Nilimtoa Mwanangu Nipate Namba Kumi

Nimekosa, na kosa langu sina wa kumsingizia. Nilimtoa mwanangu wa kumzaa kwenye timu yangu ili nipate mchezaji wa watu. Hakunishika mkono mtu, hakunidanganya mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu, na asubuhi ile nilikuwa nimeshaswali na kunywa chai.

Najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema mzee mzima huyu analilia mpira. Na mie nilijiambia hivyohivyo miezi mingi, kila nikikaa peke yangu: mpira tu huu. Basi nisomeni mpaka mwisho, kisha mcheke.

Nnaishi Maskati, Omani, upande wa Ghubra. Wazee wangu walitoka Unguja, mie mwenyewe nimestaafu kazi ya serikali. Majina yote humu nimeyabadilisha, maana mji huu ni mdogo kwa sisi tunaosema Kiswahili. Ukipiga chafya Ghubra, dua ya yarhamuka-llah unaletewa kutoka Khoudh kule mbali.

Kila mwaka joto likishavunjika tuna mashindano yetu ya mpira, timu sita. Wamo watoto wetu waliozaliwa hapa, na wamo vijana waliotoka Tanzania kuja kufanya kazi. Tunacheza Ijumaa baada ya Alasiri, kwenye kiwanja cha majani ya bandia. Timu yetu ya Ghubra mie ndiye niliyekuwa kocha wake, na mchukua maji, na msuluhishi wa ugomvi.

Kipa wetu alikuwa mwanangu Nasri. Ndiye mwanamume pekee niliyemzaa. Dada yake, Rahma, kaolewa na ana kwake. Nasri ni mtu mzima, ana kazi yake ya kompyuta, lakini hajaoa, na tulikuwa tukikaa pamoja sisi wawili tu. Mama yao keshatangulia mbele ya haki.

Alipofariki yule mama, nyumba ilinywea. Nilikuwa nikirudi msikitini najifungia chumbani. Nasri si msemaji, na mie si msemaji, tukawa tunapishana ukumbini kama wapangaji. Halafu Ijumaa moja akanijia akaniambia, "Baba, timu haina kipa, wamenambia nidake mie. Huji kunitazama?" Nikaenda. Ijumaa ya pili nikaenda tena. Haukupita muda nikawa kocha.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tukishaswali Alasiri anaendesha gari yeye, mie nimeshika chupa ya chai, na humo garini ndimo tulimokuwa tukizungumza. Ananipa khabari za kazini, nampa khabari za msikitini, anacheka. Siku nyingine yoyote ukimuuliza atakujibu "alhamdulillahi" na akanyamaza. Garini alikuwa mtu mwingine.

Sasa nisikilizeni nilivyoharibu.

Timu yetu ilikuwa nzuri lakini kombe hatujapata kulishika. Mabeki tunao, wenye mbio tunao, ila hatukuwa na mtu wa katikati wa kuugawa mpira. Namba kumi. Tulikuwa tukifika nusu fainali tunapiga mipira mbele kama watu wanaofukuza kunguru, tunafungwa, tunarudi nyumbani.

Mwaka huo akatokea kijana wa Tanga, jina lake Idrisa, fundi wa magari kule mtaa wa Ghala. Nilimtazama mazoezini jioni moja tu. Mpira ukimfika mguuni uwanja mzima unatulia. Haangalii chini. Anapeleka pasi mahali ambapo hakuna mtu, na wewe unataka kumlaumu, mara unamwona mtu keshafika. Nilirudi nyumbani nimepata wazimu.

Taratibu yetu ni hii. Mwanzo wa msimu wachezaji wapya wote wanawekwa chungu kimoja, na timu zinachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia msimu uliopita inaanza, ili wenye nguvu wasizidi kuwa na nguvu. Sisi zamu yetu ilikuwa ya tano. Zamu ya kwanza walikuwa nayo vijana wa Ghala, na mkubwa wao ni Mzee Sudi, Mtanzania wa siku nyingi hapa, mwenye gereji. Mpaka zamu ya tano ifike, Idrisa keshakwenda. Lakini inaruhusiwa timu mbili kubadilishana zamu, mkikubaliana cha kuongezea.

Nikawaita wenzangu kwangu. Nikawaambia, "Tumwendee Sudi atupe zamu yake."

Msaidizi wangu, Hafidh, akaweka kikombe chini. "Atataka nini?"

"Atataka zamu yetu, na mchezaji mmoja wa maana."

"Kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Kwa ajili ya mtu tusiyepata kuwa naye hata siku moja."

"Bwana we," akasema Hafidh, "mpira wanacheza watu kumi na mmoja. Huyo kijana umemwona mara moja. Kesho akiteguka goti, au bosi wake akimpangia kazi Ijumaa, sisi tumebaki na nini? Zamu hatuna, na mtu wetu tumeshamtoa. Tungoje zamu yetu, tutapata mtu wa wastani, tumfundishe."

"Wastani ndio uliotufikisha hapa tulipo."

Vijana wakawa upande wangu. Mmoja akasema yuko tayari abebe jezi za timu nzima akipatikana Idrisa. Wengine wakacheka. Nasri alikuwa akitutilia kahawa. Mtu mmoja akamgeukia, "Na wewe kipa, waonaje?"

Akasema, "Baba akiona inafaa, mie sina neno."

Maneno yale niliyatia mfukoni. Wallahi niliyatia mfukoni kama mtu aliyepewa ruhusa.

Nikaenda Ghala asubuhi ya Jumamosi. Mzee Sudi kanikalisha kwenye kiti nje ya gereji yake, magari yameinuliwa, harufu ya oili kila pahala. Hakuzunguka. Akaniambia, "Zamu nakupa. Nipe ya kwenu, na unipe yule beki wako wa kati."

Huyo beki ni mtoto wa dada yake Hafidh. Jitu refu, ukuta. Nikaona nikimtoa yule nyuma kunabaki wazi, na Hafidh hatosema na mie mpaka mwakani. Nikapiga hesabu haraka haraka ya nani nikimtoa hapana atakayegomba.

Nikasema, "Beki siwezi. Chukua kipa."

Sudi akanitazama. "Kipa si mwanao yule?"

"Mwanangu. Chukua huyu wangu. Huyu hana tabu."

"Umeshaongea naye?"

"Sudi, mwanangu huyu."

Akanyoosha mkono. Tukapeana.

Ndugu zangu, hakumtaka. Hata jina lake hakulitaja. Mie ndiye niliyemtaja.

Niliazimia nimwambie Nasri mwenyewe, kwa utaratibu, tukishakula. Lakini kabla sijatoka Ghala khabari zilikuwa zimeshafika kwenye grupu letu la WhatsApp. Nikasimamisha gari pembeni, nikasoma. Watu wananisifu. Huyu ndiye kiongozi, katoa mwanawe kwa ajili ya timu. Mwingine kaandika Mungu akulipe, mzee. Na mie, aibu yangu naisema, nilisoma yote moja moja nikaona raha. Nikajiona mtu mkubwa niliyejinyima. Haikunijia akilini kuwa aliyenyimwa si mie.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mezani anakula wali, simu iko ubavuni pa sahani.

"Nimeona kwenye grupu," akasema.

"Nilikuwa nije nikwambie mwenyewe."

"Si kitu, Baba." Akala tonge mbili tatu. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Wamenitaka wao, au umenitoa wewe?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Ningesema kweli, angekasirika siku mbili, yangekwisha. Badala yake nikamwambia, "Wamekutaka wao. Sudi kashikilia, ama kipa huyu ama hapana mazungumzo. Nikashindwa."

Akainua uso. Akatabasamu kidogo, kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. "Basi wananiona hodari."

"Wanakuona hodari sana," nikasema.

Siku ya kuchagua, zamu ya kwanza sasa ikiwa yetu, nikamtaja Idrisa, watu wakapiga makofi; golini tukamweka kipa wa akiba.

Ijumaa zikabadilika. Timu ya Ghala wanakutana mapema, kwa hiyo Nasri akawa anaondoka na gari yake kabla ya Alasiri. Mie nikawa namfuata Idrisa kwenye nyumba wanayokaa mafundi, namleta uwanjani. Kijana mwenye adabu, simtii kosa lolote. Anapanda anasema, "Shikamoo mzee," anauliza khali yangu, ananieleza mama yake Tanga anaumwa miguu. Nikamzoea. Nikawa nampelekea chakula. Chai ile ya kwenye chupa akawa anakunywa yeye.

Na mpira akaucheza. Hafidh alikosea: kijana hakuteguka goti wala bosi wake hakumzuia. Tukawa tunashinda, tena kwa raha.

Mechi yetu ya kwanza na timu ya Ghala tuliwafunga. Baada ya mechi nilimwona Mzee Sudi kwa mbali, kamshika Nasri bega wanazungumza. Siku ile Nasri alirudi nyumbani Isha imeshaswaliwa, akasema keshakula. Kesho yake akasema keshakula. Nikadhani ni uchungu wa kufungwa. Tangu hapo hatukula pamoja ila kwa nadra, na mie sikuuliza, maana msimu ulikuwa umepamba moto na kichwa changu chote kilikuwa uwanjani.

Tulifika fainali. Na nani mwenzetu? Timu ya Ghala, walioshika mkia mwaka wa nyuma. Walifikishwa na kipa. Nasri alidaka msimu ule kama hajapata kudaka kwangu. Hafidh akanambia siku mbili kabla, "Uliogopa kutoa ukuta, ukawapa ukuta."

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Rahma alikuja na watoto wake, akakaa upande wa Ghala. Sikupenda. Mechi ilikuwa ngumu. Nasri alitoa mipira miwili ya Idrisa ambayo mtu yeyote angesema imeshaingia. Mara ya pili watu wa pande zote walimpigia makofi, na mie nilipiga teke chupa ya maji kwa hasira. Ndiyo, hasira ya mwanangu kudaka.

Karibu na mwisho Idrisa akapata mpira nje ya eneo la hatari. Akamtazama kipa, akauzungusha mpira taratibu kabisa. Nasri akaruka, vidole vikagusa, mpira ukaingia.

Sijui nilivyoingia uwanjani. Najikumbuka nimemkumbatia Idrisa nimemnyanyua, uzee wangu wote, nnapiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu huyu!"

Nilipomweka chini nikamwona Nasri hatua chache kutoka pale. Anautoa mpira wavuni. Alikuwa akinitazama. Si kwa chuki, ingelikuwa afadhali. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ukaona kafanana na mtu unayemjua, kisha ukatambua siye.

Kombe tulichukua. Wachezaji walipopanga mstari kupeana mikono, Nasri alipofika kwangu alinipa mkono na kusema, "Hongera, kocha."

Kocha. Hakuwahi kuniita hivyo hata alipokuwa akinidakia.

Haukupita mwezi akanambia kampuni yao ina kazi Duqm na ameomba yeye kwenda. Nikamwambia Duqm mbali, na kule hakuna watu. Akasema, "Ndiyo, Baba, mbali." Akapakia nguo zake, akanibusu kichwani, akaenda.

Rahma ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kunipikia, nikaanza kumlalamikia: ndugu yako ananisusa kwa ajili ya mpira, mtu mzima anasusa kwa ajili ya mchezo. Akazima jiko. Akakaa mbele yangu.

"Baba, tangu lini mpira ukamshughulisha Nasri?"

"Sasa alikuwa akidakia nini?"

"Mama alipofariki ulikuwa hutoki chumbani. Nasri akanipigia simu analia, anasema Baba naye atakufa humu ndani. Ndipo akaenda mwenyewe kuwaomba wale vijana wamweke golini. Hajui hata kudaka wakati ule. Akasema nikicheza Baba atakuja kunitazama, atapata kutoka. Na vidole alivyovunjika humo golini, unadhani alikuwa akifuata kombe?"

Rahma akaniambia na la pili, kwamba Mzee Sudi ndiye aliyemwambia Nasri kweli, siku ile ya mechi ya kwanza, na wala hakukusudia ubaya. Alikuwa akimsifu. Alimwambia, "Mimi nilikuwa namtaka yule beki wenu, baba yako ndiye akanipa wewe. Akaniambia nikuchukue, huna tabu. Kumbe kanipa dhahabu."

Huna tabu. Mwanangu alibeba neno hilo msimu mzima, anatoka nyumbani kwangu na kurudi nyumbani kwangu, na mie sijui.

Nilimpigia simu Duqm usiku huohuo. Nikasema, "Nasri, nisamehe kwa yale mambo ya mpira." Akajibu kwa upole, "Mpira gani, Baba? Yameshapita hayo." Akaniulizia presha yangu, akaniulizia dawa, tukaagana. Simu zetu zote zikawa hivyo. Hakupata kunivunjia adabu hata mara moja. Ningependa anivunjie.

Idrisa mkataba wake uliisha akarudi Tanga. Timu nikamwachia Hafidh.

Basi juzijuzi Nasri akapata mchumba, binti wa watu wema wa Khoudh. Aliponipa khabari nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikaanza kupanga nani tutafuatana naye kwenda kuposa, na mie nitasema nini. Mnajua mambo yetu. Baba akiwa hai, baba ndiye msemaji. Nilikuwa nimeshalitengeneza neno la kufungulia.

Nasri akasema, "Baba, wewe utakuja. Lakini atakayesema ni Mjomba Khalfan. Nimeshamwomba."

Nikauliza, "Kwa nini?"

Akasema, "Yeye kanikubalia."

Nikaenda. Nilivaa kanzu mpya na kilemba, nikakaa pembeni, nikanywa kahawa, nikasikiliza shemeji yangu Khalfan akimweleza mwanangu kwa watu: kijana wetu huyu tabia yake hivi na hivi, tumemlea hivi na hivi. Mzee wa upande wa mwanamke alinitazama mara mbili, anashangaa. Mie nikatazama kikombe changu. Halwa ikaja, nikala, sikujua nnakula nini.

Tulipotoka nikamwita Nasri kando, kwenye magari. Nikamwambia lile nililopaswa kumwambia tangu mwanzo. "Nilikuambia uongo. Sudi hakukutaka. Alimtaka beki. Nilikutoa mimi."

Akasema, "Najua, Baba. Aliniambia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza," akasema. "Siku ile, nakula."

Nikajiegemeza kwenye gari. Akanishika mkono. Akanambia ameshanisamehe zamani, tangu hajaenda Duqm, na nisijiumize, kwa kuwa mimi babake. Nnamwamini. Nikamuuliza kama siku ya nikahi nitakaa mimi ubavuni pake. Akainama. Akasema, "Mjomba nimeshampa neno, Baba. Siwezi kumtoa."

Ndivyo mambo yalivyo mpaka leo ninapoandika. Nikahi iko karibu, na mie nitakuwemo miongoni mwa wageni.

Wewe unayesoma, labda huna timu. Una duka, au una ofisi, au una nyumba tu yenye watoto watatu, mmoja wao mkorofi, mmoja mlalamishi, na mmoja anayekubali kila kitu. Siku ikibidi mtu apunguzwe, mkono wako utakwenda kwa huyo anayekubali, maana ndiye asiyepiga kelele. Kabla hujamgusa, mkalishe, mwambie unataka kumfanya nini, na ungoje jibu lake. Na akikuuliza swali, hata akiuliza kinywa kimejaa wali na macho yake yapo kwenye sahani, mjibu kweli. Mie swali niliulizwa mara moja tu, na sijaulizwa tena.